Chale za Mzee wa Kanisa

Mlioniacha wiki iliyopita mliniacha nimesimama shambani, matuta yangu yamebomoka mbele ya bwana shamba, naye anaandika jina langu. Wiki ya kabla yake ndiyo ile mbuzi alipokula daftari langu la darasa la jioni, kurasa zote za irabu.

Kwa wanaoanza leo: mimi ni Sefania, mkulima wa viazi huku juu ya Soni, mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri. Nimejifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na saba. Nina mke mmoja, binti mmoja aliye hai, na mwana mmoja, Kristofa, aliyekufa vitani akazikwa Burma.

Haya ya leo ni mabaya kuliko ya mbuzi.

Yalianza kwa furaha. Jioni moja mwalimu wetu alimpa kila mwanafunzi mstari wake wa Biblia, ausome bila kusaidiwa. Mimi nilipewa wa Torati, pale Mungu anapowakataza watu wake wasiichanje miili yao kwa ajili ya wafu, wala wasijiandike alama.

Wenzangu walimaliza wakafunga vitabu. Mimi bado nilikuwa kwenye neno la nne. Mwalimu akafagia darasa. Akafuta ubao. Mwishowe nikafika kwenye nukta, nikalia.

Aliyejifunza kusoma utotoni hawezi kulijua jambo hili. Mungu alikuwa amesema nami bila mkalimani.

Kosa langu ni kwamba niliamua amesema nami habari za watu wengine.

Maana siku zile vijana wa kwetu walikuwa wakishuka sokoni Soni kwa fundi viatu mmoja aitwaye Timotheo. Huyu alikuwa askari katika vita vilivyokwisha juzi. Alifika Uhabeshi, akaona Wakristo wa huko wamechorwa msalaba mkononi, wengine hata kwenye paji la uso. Akarudi na wake kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Sasa alikuwa akiwachora wengine kwa sindano tatu zilizofungwa pamoja kwa uzi, na masizi ya taa.

Nikaupeleka mstari wangu kwenye baraza la wazee.

"Kijana yeyote mwenye alama ya kuchanjwa mwilini," nikasema, "asipate kipaimara mpaka atubu mbele ya usharika."

Mzee Tobia, ambaye hajawahi kukubaliana nami hata juu ya saa ya kupiga kengele, akasema, "Naunga mkono."

Mchungaji akanitazama. "Mzee Sefania, umelitafakari jambo hili?"

"Nimelisoma, Mchungaji."

"Sikuuliza hilo."

Lakini likapita. Likaandikwa. Wavulana watakaguliwa na Mzee Tobia, wasichana watakaguliwa na Mama Secilia, kiongozi wa akina mama, na kipaimara kitakuwa siku ya Pentekoste. Nikapanda mlima kwenda nyumbani nikiimba.

Binti yangu Yudith alikuwa uani, anapepeta maharage. Ana miaka kumi na sita, naye alikuwa miongoni mwa wale wanaongoja kipaimara.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, nina ombi."

"Sema." Nilikuwa na moyo mkunjufu. Kama angeomba mbuzi ningempa, hasa yule.

Akaweka ungo chini, akanyoosha mkono wa kulia. "Nataka kuchorwa msalaba. Hapa."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda. Nikasimama. Sikupata la kufanya nikiwa nimesimama, nikakaa tena.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nilikwenda mwenyewe kwa kaka Timotheo. Akakataa."

"Akakataa?"

"Alisema binti wa watu hamchori mpaka baba yake aje aseme ndiyo kwa kinywa chake. Ndiyo maana nakuuliza."

Nikamwambia mstari wangu. Nilikuwa nimeshaushika kwa moyo, na niliusema polepole, kama mtu anayehesabu mayai.

Yudith akasikiliza mpaka mwisho. Ni mtoto mwenye adabu. "Na mstari wa juu yake, baba, umeusoma?"

"Upi?"

"Unaokataza wanaume kunyoa pembe za ndevu. Wewe hunyoa kila Jumamosi."

Sikuwa nimeusoma. Mwalimu alinipa mmoja tu.

"Na huo msalaba unautakia nini?" nikamuuliza kwa ukali, ili ndevu zipite.

Akaangalia chini. "Kwa ajili ya kaka Kristofa."

"Umeona! Kwa ajili ya wafu! Ndicho hasa kilichokatazwa!"

"Wale walikuwa wanaabudu wafu, baba. Mimi simwabudu kaka. Namkumbuka."

"Yudith."

"Abee."

"Maliza maharage."

Hilo ndilo jibu nililompa mwanangu. Nimeliandika hapa kama lilivyokuwa.

Nikaingia ndani nikaomba. Sikusikia neno. Nikaomba tena kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba Mungu yuko Mombo, chini kabisa ya mlima. Mke wangu akapita na chungu, akasema, "Anakusikia. Labda anamsikiliza na Yudith." Halafu akaendelea kwa Kishambaa, lugha anayoitumia anapotaka nisijibu.

Siku ya soko nikashuka Soni kumkanya Timotheo. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, na nilikuwa na hoja tatu.

Alikuwa amekaa kwenye kisanduku chake, kiatu katikati ya magoti, misumari midomoni. Akaitema yote mkononi aliponiona, akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Timotheo, nimekuja juu ya binti yangu."

"Sikumgusa, mzee. Nilimwambia aje na wewe."

"Ameniambia. Kwa hilo nakushukuru. Lakini nimekuja kukuambia kwamba jawabu ni hapana, na kwamba unawaharibu watoto wa watu, na ya tatu..."

"Mzee," akasema, "nilikuja kwako mara mbili tangu nirudi. Mara ya kwanza hukuwapo. Mara ya pili nilikukuta nje ya kanisa unawaambia watu habari zetu, sisi tuliorudi na alama. Nikageuka."

"Ulikuwa unataka nini?"

Akanyoosha mkono wake. Msalaba ulikuwa mdogo, wa rangi ya bluu iliyofifia, mkono mmoja wa msalaba mrefu kuliko mwingine.

"Tulichorwa siku moja, mimi na Kristofa. Mama mmoja mzee wa kule ndiye aliyetuchora, mbele ya mlango wa kanisa. Kristofa alipiga kelele kuliko mimi."

Nikautazama ule msalaba.

"Kule Burma walipoletwa marehemu wanne kutoka mtoni, mzee, nyuso hazikusaidia. Mimi nilimjua mwenzangu kwa mkono. Ndiyo maana ana kaburi lenye jina. Wale watatu hawana."

Watu walikuwa wakipita na mizigo ya kabichi. Mmoja akanisalimu, nikaitika.

Nilikuwa nimekuja kumkanya. Hoja ya tatu ilikuwa imenipotea. Nikavua kiatu nikampa, nikamwomba anishonee. Kiatu hakikuwa kimechanika. Timotheo akakigeuza, akakitazama pande zote, akakishona.

"Binti anajua?" nikamuuliza nilipokuwa ninakivaa.

"Nilimwambia. Aliniuliza nikashindwa kumdanganya. Mama yake sijamwambia. Nimekuachia wewe."

Nilirudi nyumbani kwa kiatu kimoja kizito kuliko kingine. Mke wangu akaniuliza habari za Soni. Nikamwambia kabichi zimekuwa nyingi.

Kwa nini sikumwambia? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani ni kwa sababu nyumba yetu ilikuwa tayari na uongo mmoja wa zamani, umekaa kimya kwenye kona yake kama paka, nami nilikuwa nimezoea kuishi hivyo. Huo nitaueleza sasa hivi, maana haukukaa kimya tena.

Jumamosi, wiki moja kabla ya Pentekoste, Mama Secilia akawakagua wasichana katika nyumba ya mchungaji. Mimi nilikuwa nje, nimetulia. Mikono ya Yudith ilikuwa safi. Nilikuwa nikiikagua mwenyewe kila asubuhi aliponipa maji ya kunawa.

Mama Secilia akatoka, akanivuta pembeni.

"Mzee Sefania, mikono ni safi."

"Bwana asifiwe."

"Mgongo una chale tatu."

Nikakaa chini. Palikuwa na nyasi.

"Katikati ya mabega," akasema. "Za zamani, lakini ni za wembe na zimepakwa dawa. Mimi nazijua, nimezaliwa milima hii hii. Na sheria yako inasema mwili, mzee. Haikusema mkono."

"Naijua sheria yangu, mama."

"Baraza linaketi saa tisa."

Nikaenda nyumbani mbio, kiatu kimoja kizito.

"Mama Kristofa," nikamwambia mke wangu, "Secilia ameona chale."

"Lazima azione. Ana macho."

"Unakumbuka nilikuambia kwamba daktari wa misheni alimtoa mtoto damu mgongoni?"

"Uliniambia."

"Basi..."

"Baba Kristofa." Alikuwa anamenya viazi, wala hakuacha. "Daktari gani anapaka masizi?"

Nikatafuta kigoda.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha yule mtoto," akasema. "Niliuogesha uongo wako mpaka ukaweza kuoga wenyewe."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshatoa ushuhuda. Watu walilia. Nisimame katikati ya watu wanaolia, niseme nini?"

Ndugu msomaji, ukweli ni huu. Yudith alipokuwa hajatimiza mwaka alishikwa na degedege. Nilimbeba kwenda hospitali ya misheni, peke yangu, maana mama yake alikuwa na homa. Nilipofika mtoni maji yalikuwa yamejaa. Mtoto alikuwa amekakamaa kama kuni. Upande wa huku wa mto palikuwa na nyumba ya mganga mmoja, Mzee Rajabu, ambaye sasa ni marehemu. Hakuniuliza dini. Alisema tu, "Mlete." Akachanja mara tatu, akasugua dawa yake nyeusi, akanipa uji. Asubuhi mtoto akataka kunyonya.

Kama ilikuwa ni dawa, au ni Mungu, au degedege lilichoka lenyewe, mimi sijui mpaka leo.

Ninalojua ni kwamba Jumapili ile nilisimama kanisani nikasema nimevuka mto uliojaa, mtoto kichwani, nikafika kwa daktari. Mwaka wa kwanza nilisema maji yalinifika kiunoni. Ulipofika mwaka wa kumi yalikuwa yamefika shingoni. Kwa ushuhuda huo nilichaguliwa kuwa mzee wa kanisa.

Nikamwambia mke wangu, "Twende."

"Mimi nimeitwa?"

"Nakuita mimi."

Akafunika viazi, akafunga kitambaa kichwani, tukashuka.

Baraza lilikuwa limeketi. Mchungaji mwenye kalamu, wazee saba, Mama Secilia, na Yudith amesimama mbele ya meza. Mke wangu akakaa benchi la nyuma. Mimi nikakaa mahali pangu, ambapo palikuwa pamenizoea.

Mzee Tobia akaanza. "Binti, nani alikuchanja?"

"Sijui, mzee."

"Hujui? Una chale tatu mgongoni hujui?"

"Sijawahi kuuona mgongo wangu, mzee. Nimeambiwa leo."

"Asiyemjua aliyemchanja hawezi kutubu sawasawa," Mzee Tobia akasema. "Na wazazi wake ni Wakristo, kwa hiyo alijipeleka mwenyewe kwa waganga. Nasema angoje mwaka mzima. Na asimame mbele ya usharika, wenzake wamwone."

"Mzee," Yudith akasema, "kama nina kosa nitasimama. Lakini niambieni kosa ni lipi, nisije nikatubu la mtu mwingine."

Mchungaji akaniangalia. Nadhani alikuwa ameniangalia muda mrefu.

Niliomba. Safari hii niliomba kwa sauti ndogo, kwa maneno mawili tu, nisaidie Bwana. Nikasimama.

"Nilimchanja mimi."

"Wewe?" akasema Mzee Tobia. "Kwa wembe?"

"Nilimpeleka. Kwa Mzee Rajabu. Siku ile ya degedege."

Mchungaji akauliza, "Na mto?"

"Sikuuvuka, Mchungaji."

Mama Secilia alikuwa miongoni mwa wale waliolia siku ile, na kila mwaka baadaye.

"Maji hayakukufika shingoni?" akauliza.

"Hayakunifika hata kwenye kidole, mama."

Akajifunika mdomo kwa kitambaa. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka.

"Nimelidanganya kanisa miaka kumi na mitano," nikasema. "Sheria hii nimeileta mimi, na mwenye kosa la kwanza ni mimi. Nitasimama Jumapili mbele ya usharika. Uzee wa kanisa nauweka mezani. Lakini mtoto asizuiwe kipaimara kwa chale alizochanjwa akiwa hana hata meno."

Mchungaji akazungusha macho kwa wazee wote, mmoja mmoja. "Yupo mwingine mwenye neno, kabla hatujaendelea? Tumezaliwa milima hii hii."

Chumbani mlikuwa na joto. Mzee Tobia akafunga kifungo cha juu cha koti lake, kisha akainua na ukosi.

"Yudith," Mchungaji akasema, "umemsikia baba yako. Wewe una neno?"

Nilidhani atalia. Nilidhani atasema, asante baba. Nilikuwa nimejitayarisha kupokea yote mawili kwa unyenyekevu.

"Ninalo," akasema. "Nilipokuwa mchanga baba alinichanja bila kuniuliza, akanyamaza. Simlaumu. Nilikuwa ninakufa, naye ni baba. Lakini mimi nilipotaka alama sikujificha. Nilimwendea nikamuuliza kwanza. Akanitajia mstari, akaniambia nimalize maharage."

Mzee mmoja akakohoa.

"Tuko vijana tisa tunaongoja kipaimara, Mchungaji. Wenzangu wawili wamesikia jinsi nilivyojibiwa. Wao hawatauliza tena nyumbani kwao."

"Unataka nini, binti?" Mchungaji akauliza, taratibu.

"Jibu. Kama ni hapana, nitatii, wala sitakwenda kwa kaka Timotheo kisirisiri. Lakini iwe hapana ya baba mwenyewe, siyo ya mstari mmoja aliopewa na mwalimu. Aniambie anachoogopa."

Mchungaji akaitikia kwa kichwa. "Mwili ni hekalu, mzee Sefania. Hilo halibadiliki, na mimi sichori mtu. Lakini mtoto amebisha hodi mlangoni kwako. Mfungulie, hata kama ni kumwambia arudi."

Yudith akasogea mbele. Akaiweka mikono yake miwili juu ya meza, viganja juu, karibu na mahali nilipouweka uzee wangu wa kanisa. Vifundo vilikuwa vyeupe kwa vumbi la maharage. Vilikuwa vyembamba kama vya kaka yake alipoondoka.

"Nijibu, baba. Na kabla hujanijibu, mwambie mama ulichoambiwa Soni."

Nilikuwa na neno kinywani. Nakuapia lilikuwa pale, na lilikuwa jibu zuri. Likarudi tumboni.

Nyuma yetu benchi likalia. Sikugeuka, nilisikia hatua za mke wangu zinakuja katikati ya chumba, polepole, zikasimama karibu yangu. Miaka miwili tangu barua ya serikali ya msiba ifike, watu wamekuwa wakimwita kwa jina la mtoto ambaye hakumwona akizikwa, naye ameitika kila mara.

"Uliambiwa nini Soni, Baba Kristofa?"

Mchungaji akaweka kalamu chini.